Yeye na chupa, mimi na kilo: nani yuko hatarini zaidi?

SWALI

Daktari, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43. Urefu wangu ni sentimita 160, uzito kilo 92, na kiuno nilipokipima kwa tepu ya fundi cherehani kimefika sentimita 108. Presha mara ya mwisho ilisoma 148/94 na sukari kabla ya kula 6.4. Nakoroma mpaka watoto wananicheka. Dawa situmii yoyote. Pombe ni Jumamosi tu, bilauri tatu za mvinyo, basi.

Mume wangu ana miaka 48, urefu 176, kilo 66. Ni mwembamba, hana hata kitambi. Lakini kila jioni anamaliza nusu chupa ya pombe kali, ile ya mililita 750, asilimia 40. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka azimue kidogo ndipo aweze kushika wembe. Ukimgusia pombe anageuza kibao: "Wewe bonge ndiye utakayenitangulia. Jitazame kwenye kioo kwanza." Nikikumbuka kilo zangu, nanyamaza.

Mwezi uliopita kazini kwake walipimwa afya pamoja na wenza wao, na majibu ndiyo yamempa kiburi zaidi. ALT yangu ni 52, yake 45. "Umeona? Ini la mnywaji ni zima kuliko lako." Nanakili yote. Yeye: AST 96, ALT 45, GGT 310, chembe sahani 130. Mimi: AST 34, ALT 52, GGT 41, chembe sahani 260.

Sasa tumewekeana dau. Tarehe mosi ya mwezi ujao yeye anaacha pombe, hata tone asiguse, na mimi siku hiyohiyo naanza kula mlo mmoja kwa siku mpaka nishuke kilo 20. Atakayeshindwa kwanza hana ruhusa ya kumsema mwenzake tena. Nimefurahi, ila nina wasiwasi kidogo. Mwaka jana tulisafiri akakaa siku mbili bila kinywaji. Alitoka jasho, akatapika, na usiku wa pili akaanguka, akakakamaa mwili mzima na kujikojolea. Akasema ni uchovu wa safari.

Swali langu: kati ya unene wangu na ulevi wake, kipi kinaua zaidi? Naomba jibu la wazi nimwonyeshe.

Mwenye Kilo Zake

JIBU

Dada Mwenye Kilo,

Kabla ya swali lako, hilo dau livunjeni leo. Upande wako wa dau ni mpango mbaya wa kula tu, tutaurudia. Upande wake unaweza kumuua kabla wiki haijaisha.

Kilichompata safarini hakikuwa uchovu. Jasho, kutapika, kisha degedege usiku wa pili bila pombe: ndivyo mwili uliozoea pombe unavyofanya ukinyimwa ghafla. Pombe hupoza ubongo. Mtu akiupoza kila siku kwa miaka, ubongo nao hujiongezea moto ili ubaki macho. Chupa ikiondolewa kwa mkupuo, kinachobaki ni ule moto peke yake. Kutetemeka na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 tangu funda la mwisho, degedege mara nyingi ndani ya saa 48, na kati ya saa 48 na 96 yanaweza kuja makubwa zaidi: homa, moyo kwenda mbio, kuona wadudu ukutani, kutojua yuko wapi wala ni siku gani. Hali hiyo isipotibiwa hospitalini inaua. Na aliyewahi kuanguka mara moja yuko jirani zaidi na kuanguka tena.

Kwa hiyo mpaka aonwe na daktari, asiongeze pombe na asiikate ghafla. Abaki pale alipo, apime kwa kikombe kilekile, asiendeshe gari. Tunajua ni vigumu kwa mke kusikia "mwache anywe kwanza", lakini kwa mtu aliyekwisha kuanguka hatuna maneno mengine. Tena usihesabu miezi, hesabu siku: aonwe wiki hii.

Sasa swali lako. Kwa nyinyi wawili, kwa namba ulizotuma, yeye ndiye aliye hatarini zaidi, na kwa mbali. Tumesema nyinyi wawili kwa makusudi. Ukiuliza duniani kote, mumeo akiwa mjanja atakuletea takwimu zinazomfaa: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019, wakati uzito uliozidi kiwango kinachofaa ulihusishwa na vifo milioni 3.7 vya magonjwa yasiyoambukiza mwaka 2021. Atasema kesi imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2022 watu wazima wenye unene wa kupindukia walikuwa takribani milioni 890, na hesabu ile ya vifo inawajumlisha hata waliozidi uzito kidogo tu. Waliokuwa tegemezi kwa pombe, yaani watu wa aina ya mumeo, walikadiriwa kuwa milioni 209 mwaka 2019. Unene unaua wengi kwa sababu umewashika wengi. Swali lako linahusu mtu mmoja mmoja, na huko mizani inageuka.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, wa watu karibu 900,000, uligundua kuwa wenye BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 30 hadi 35 walipoteza kwa wastani miaka 2 hadi 4 ya maisha, na wenye 40 hadi 45 walipoteza 8 hadi 10. BMI yako ni kilo 92 gawanya kwa 1.6 mara 1.6, yaani 35.9. Uko katikati ya makundi hayo mawili. Si jambo dogo, na hatutaki ulipitie haraka kwa kuwa umeambiwa mumeo ana hali mbaya zaidi.

Yeye tumpigie hesabu ya kilevi chenyewe, maana kuhesabu glasi hakusaidii, kila mtu ana glasi yake. Chukua mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, gawanya kwa 100, zidisha kwa 0.8, unapata gramu. Nusu chupa ni mililita 375. Mara 40 gawanya kwa 100 ni 150. Mara 0.8 ni gramu 120 kwa siku, 840 kwa wiki. Mwongozo wa Uingereza tangu 2016 unashauri mtu asizidishe gramu 112 kwa wiki. Mumeo anazimaliza kwa siku moja. Utafiti wa mwaka 2018 uliofuatilia wanywaji karibu 600,000 ulionyesha kuwa mtu wa miaka 40 anayekunywa zaidi ya gramu 350 kwa wiki anatarajiwa kuishi miaka 4 hadi 5 pungufu kuliko anayekunywa chini ya 100. Yeye amepita zaidi ya mara mbili ya mpaka huo. Na huko Denmark, Finland na Sweden, waliowahi kulazwa kwa matatizo ya pombe walionekana kuishi miaka 24 hadi 28 pungufu ya watu wengine. Hao wa mwisho ni waliokuwa wagonjwa mpaka wakalazwa, kwa hiyo usimwambie mumeo kwamba miaka 24 yake imeshakatwa. Mwambie hilo ndilo kundi analolisogelea.

Tofauti kubwa kati ya hatari zenu ni saa inayopigwa. Unene wako unafanya kazi ya polepole: unapandisha presha, unachosha kongosho hadi kisukari, unaziba mishipa, unakula magoti. Anguko la unene mara nyingi huja baada ya miaka, na njiani kuna vituo vingi vya kushukia. Pombe yake ina saa mbili. Moja ni ya polepole kama yako: ini, moyo, ubongo, saratani. Nyingine ni ya usiku wowote: kuanguka ngazini, kugonga au kugongwa na gari, kutapika akiwa usingizini matapishi yakamwingia mapafuni, ugomvi, kujiua, au yale ya kukosa pombe tuliyoyaeleza juu. Unene hauna saa hiyo ya pili.

Turudi kwenye ushahidi wake, ALT 45 dhidi ya 52. Hapo amejifunga goli mwenyewe.

AST na ALT ni vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikiumia. Kuangalia ALT peke yake ni kusoma nusu ya barua. Ini likijaa mafuta kwa sababu ya uzito, kwa kawaida ALT huwa juu ya AST, na ndivyo ilivyo kwako: 52 kwa 34. Ini likiumizwa na pombe mambo hupinduka, AST inaizidi ALT, na ikifika mara mbili daktari huanza kuitilia pombe shaka kubwa. Yake ni 96 gawanya kwa 45, yaani 2.1. Sababu mojawapo ya ALT yake kuonekana ya upole ni kwamba mwili huhitaji vitamini B6 ili kimeng'enya hicho kifanye kazi, na wanywaji wengi wana upungufu wa B6. Namba imeshuka kwa njaa ya vitamini, akaidhania afya. GGT, kimeng'enya kingine cha ini, kwake 310, inasimulia hadithi hiyohiyo.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hatukuzifurahia hata kidogo. Kiwango cha kawaida huanza 150. Yeye ana 130. Inawezekana pombe inakandamiza uboho unaozitengeneza. Inawezekana pia ini limeshaanza kukakamaa, damu inarudi nyuma kwenye wengu, wengu unavimba na kuzimeza. Kuna hesabu rahisi inayotumika kukisia makovu ya ini, iitwayo FIB-4: umri mara AST, gawanya kwa zao la chembe sahani na kipeuo cha pili cha ALT. Yake: 48 mara 96 ni 4,608. Kipeuo cha pili cha 45 ni 6.7, mara 130 ni 871. Jibu ni 5.3. Yako: 43 mara 34 ni 1,462, kipeuo cha pili cha 52 ni 7.2, mara 260 ni 1,872. Jibu ni 0.78. Chini ya 1.3 makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 2.67 mtu anapelekwa kwa bingwa wa ini, akapimwe ugumu wa ini kwa mashine. Tuwe waungwana: pombe ya jana yake inaweza kuipandisha AST na kuikuza hesabu hii, ndiyo maana hurudiwa baada ya wiki kadhaa za kuacha. Lakini 5.3 si namba ya kusubiri irudiwe ndipo uende kwa daktari.

Na wembamba wake usikudanganye. Gramu 120 za kilevi zina kalori 840, kwa kuwa kila gramu ina 7. Anashiba pombe, chakula anakionja. Kalori hizo hazina protini wala vitamini, utumbo wa mnywaji hunyonya virutubisho vibaya, na misuli huliwa kidogokidogo. Mtazame mapaja na mabega, usiangalie tumbo. Siku tumbo litakapotokeza wakati mikono na miguu inazidi kukonda, hicho hakitakuwa kitambi. Ni maji, na ni dalili kwamba ini limeshindwa.

Kuna mahali hatari zenu zinakutana, na mahali penyewe ni kwenye bilauri zako za Jumamosi. Mililita 150 za mvinyo wa asilimia 12 ni gramu 14 hivi. Tatu ni 43, kalori 300 kwa kilevi peke yake. Kwa mwanamke mwembamba asiye na tatizo lingine tungesema apunguze na tukaendelea. Kwako tunasema ziache. Unene na pombe vikikutana kwenye ini moja havijumlishwi tu, vinakuzana: ini lenye mafuta tayari linaumizwa na kiasi cha pombe ambacho ini jingine lingekistahimili. Tena kilevi hulegeza misuli ya koo, kwa hiyo mkoromo wako Jumamosi ni mbaya kuliko wa Jumatano. Zipo pia saratani zinazochangiwa na vyote viwili, kwa mfano ya ini, ya utumbo mpana na ya titi (kwa unene, titi baada ya kukoma hedhi). Hata ya umio inahusika, ingawa kila mmoja ana aina yake: unene huleta ile ya tezi karibu na tumbo, ikisukumwa na kiungulia cha muda mrefu, pombe huleta ile ya ngozi laini ya ndani ya umio.

Tuanze na yeye, maana ndiye wa wiki hii.

Zungumza naye asubuhi, baada ya kuzimua, mikono ikiwa imetulia. Kabla ya hapo ana maumivu, na jioni hasikii. Usifungue kwa kumwita mlevi. Mwekee karatasi ya vipimo na hesabu ya 5.3, umwambie: "Baba watoto, dau nimelivunja, nataka twende wote tukapimwe." Maneno "twende wote" yana kazi, kwa sababu na wewe kweli una la kupimwa. Akikubali, ajibu mwenyewe maswali 10 ya dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani; alama 20 na zaidi kati ya 40 zinaashiria utegemezi. Kunywa asubuhi ili kuanza siku ni swali la 6.

Kwa daktari mtaje degedege kwa kinywa chenu, msisubiri kuulizwa. Hilo ndilo linaloamua alazwe au atibiwe nyumbani, na kwa historia yake tungetaka alazwe. Kwa kawaida hupewa diazepamu au klodiazepoksaidi, dozi kubwa siku ya kwanza kisha ikipunguzwa kila siku, kwa siku 5 hadi 7. Dawa hizi haziendi pamoja na pombe: zikichanganywa zinaweza kuzima pumzi, kwa hiyo msinunue dukani mkajaribu wenyewe. Jambo la pili la kukumbusha bila haya ni sindano ya thiamini, yaani vitamini B1. Inatakiwa itangulie dripu ya sukari. Mwili unatumia B1 kuichoma sukari, na mnywaji ana akiba ndogo sana. Dripu ikitangulia inaweza kumaliza kiasi kilichobaki, ubongo ukaumia: macho kucheza, kuyumba, kuchanganyikiwa, na wengine kumbukumbu hairudi tena.

Wiki hiyo moja inasafisha mwili tu. Kiu haijaondoka, na wengi hurudi kwenye chupa mwezi wa kwanza kwa kudhani kazi imekwisha. Zipo dawa za kusaidia. Naltreksoni hupunguza raha ya kunywa, lakini haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na kwa ini kama lake daktari ataifikiria mara mbili. Akamproseti hupitia kwenye figo, haipiti kwenye ini, kwa hiyo huenda ikamfaa zaidi kama figo ni nzima. Pamoja na dawa, ushauri nasaha au kikundi cha walioacha.

Dawa ya tatu, disulfiramu, tunaitaja kwa sababu moja. Kuna wake wanaoshauriwa kuisaga na kuichanganya kwenye chakula cha mume bila yeye kujua, "ili pombe imkatae". Usithubutu. Mtu akinywa pombe juu ya dawa hiyo uso unawaka, anatapika, moyo unakimbia na presha inaweza kuporomoka. Kwa kiwango cha pombe cha mumeo na ini lile, unaweza kuwa umemuua kwa mapenzi.

Kichwa kikimuuma, asimeze ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini: tumbo la mnywaji lenye chembe sahani chache hutoka damu kirahisi. Parasetamo nayo aulize kipimo, cha kwake ni kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye pakiti. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa au akianza kuongea yasiyoeleweka, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa wewe.

Mlo mmoja kwa siku mpaka kilo 20 ziondoke ni dau lililopangwa ushindwe. Kilo 20 ni zaidi ya asilimia 21 ya uzito wako, kiasi ambacho watu wachache mno hukifikia kwa chakula na mazoezi peke yake. Na ukishuka kwa kasi, zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, nyongo inajaa kolesteroli wakati mfuko wake umekaa bila kujikamua, mawe yanaanza kujengeka. Wanawake wanene wa umri wako ndio hasa wanaopatwa. Misuli nayo inaondoka pamoja na mafuta.

Lengo la kwanza ni asilimia 5, yaani kilo 4.6. Ni kidogo kuliko ulivyoota, lakini hapo ndipo presha na sukari huanza kusikia. La pili ni asilimia 10, kilo 9.2, na ini hulihitaji hilo zaidi: kati ya asilimia 7 na 10 uvimbe unaotokana na mafuta hupungua. Jipe miezi sita au zaidi. Punguza kalori 500 hadi 600 kwa siku, ambazo kwa mwanzo hukushusha kama nusu kilo kwa wiki. Anza na vya kunywa, soda na juisi na sukari ya chai, kwa sababu tumbo halivihesabu kama chakula. Kisha weka protini katika kila mlo, nusu ya sahani iwe mboga, na wanga upate robo. Tembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, na siku mbili fanya mazoezi ya nguvu, hata kuinuka kwenye kiti na kukaa mara 12, raundi tatu. Jaribio maarufu la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 lilikuwa na lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na dakika hizo hizo 150, kwa watu wenye sukari kama yako. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58.

Sukari yako ya 6.4 si kisukari bado. Kisukari huanza 7.0. Pima HbA1c, kipimo cha damu, uone wastani wa sukari wa miezi kama mitatu: asilimia 5.7 hadi 6.4 ni njiani, 6.5 umefika. Presha irudiwe, lakini uliza ukubwa wa mkanda unaofungwa mkononi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo. Kaa dakika 5 bila kuongea, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani. Nyumbani 135/85 na kuendelea ni presha ya juu, utibiwe bila kusubiri kilo zishuke. Kiuno kipime kila baada ya wiki mbili usawa wa kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kinatakiwa kisizidi nusu ya urefu, yaani 80 kwako. Uko 108, na kikishuka hata 102 ni habari njema hata mzani ukikataa kusogea.

Mkoromo nao ukaguliwe. Mtu asikilize kama pumzi yako inakatika sekunde 10 au zaidi kisha unashtuka kwa kishindo. Mumeo hakufai kwa kazi hiyo, usiku analala chakari; mwombe binti mkubwa au jirekodi kwa simu. Kama inakatika, ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, nao unapandisha presha peke yake.

Kwa BMI ya 35.9 yenye presha na sukari njiani, una haki ya kuuliza habari za dawa za sindano kama semaglutaidi, ambayo kwenye majaribio ilishusha uzito kwa wastani wa asilimia 15 hivi ndani ya wiki 68, ingawa kilo hurudi wengi wakiiacha. Upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito pia upo. Ila ujue kuwa baada ya kuunganisha tumbo na utumbo, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi kuliko zamani, na baadhi ya waliofanyiwa huangukia kwenye uraibu ambao hawakuwa nao. Katika nyumba ambayo chupa inakaa mezani, hilo mwambie daktari kabla.

Ukibanwa kifua, uso ukipinda upande, maneno yakikokota au mkono mmoja ukilegea ghafla, nawe ni hospitali palepale.

Siku ya kwenda mbebe karatasi zote za vipimo, muda wa funda lake la mwisho, na mkanda wa video kama mtoto alimrekodi siku ile alipoanguka. Mtoke mapema. Akikaa foleni mpaka mchana bila kuzimua anaweza kuanza kutetemeka benchini, na hilo likitokea nenda mapokezi useme wazi kwamba ameshawahi kupata degedege kwa kukosa pombe.